Hapa Bibi Anasema Lake

Kuna watu huiba kuku, na kuna watu huiba nguo zilizoanikwa. Kasuku aliiba sauti ya mama mkwe wake. Ubaya wa wizi wa namna hiyo ni kwamba mwenye mali hajui kama ameibiwa; anaendelea kuitumia mchana kutwa, mezani, mbele ya mwizi mwenyewe.

Kasuku ni jina alilopewa na wenzake wa studio, kwa sababu kinywa chake hakina adabu. Msalimie mara moja tu, ukigeuka anakuigiza mzima mzima pamoja na mafua yako. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti kwenye katuni. Nyumbani mumewe, fundi wa mafriji, aliieleza kazi hiyo kwa mama yake kwa kifupi: "Mke wangu analipwa kusema." Bibi kizee akamtazama mke wa mwanawe juu hadi chini. "Kulipwa kusema? Basi mimi saa hizi ningekuwa meneja."

Na kweli angekuwa meneja. Mama huyo alikuwa amehamia kwao mwaka mmoja na nusu nyuma, baada ya kuteleza kwenye ngazi za kwake na kuvunjika nyonga. Nyonga ilipona, mdomo haukuwa umeumia hata kidogo. Alikuwa na neno juu ya kila kitu: pazia, sabuni, jinsi mlango unavyofungwa, jinsi mjukuu anavyokaa kwenye kiti. Kila neno alilianza hivi: "Mimi simo." Kisha anaingia mzima, miguu yote miwili, anavuruga kila kitu, na akimaliza anajipangusa midomo kwa leso na kusema, "Nasema tu."

Sasa siku ya majaribio ya sauti pale studio, Kasuku aliambiwa atoe sauti ya bibi kizee. Akatoa ya kwanza, mwongozaji akatikisa kichwa. Akatoa ya pili, ya tatu, mwongozaji akaangalia saa. Mlangoni kulikuwa na waigizaji wengine wanne wanasubiri, na mmoja wao alikuwa mzuri kuliko yeye, alijua. Ndipo kinywa chake, bila ya kumwomba ruhusa, kikafunguka na kusema maneno aliyoambiwa asubuhi hiyo hiyo jikoni kwake: "Mimi simo. Lakini supu hii, mwanangu, imepikwa au imeogeshwa? Nasema tu."

Mwongozaji alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kasuku akapata kazi pale pale, na kuanzia siku hiyo hakuwa na raha.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha kutania yale mashindano ya kweli ya televisheni, ambayo watu wawili wawili hukimbizana nchi kwa nchi kuizunguka dunia, wanalia mbele ya kamera na kukumbatiana kwenye viwanja vya ndege kana kwamba wametoka vitani. Hapa wote walikuwa wa kuchorwa. Walikuwapo mabondia wawili wanaoogopa maji. Walikuwapo mume na mke walionuniana miaka mitatu, wanaoandikiana vikaratasi hata mtumbwi ukiwa unazama. Na walikuwapo mama mkwe na mke wa mwanawe. Kila kipindi timu iliyofika ya mwisho ilirudishwa nyumbani, na mtangazaji wa kuchorwa, mwenye meno yasiyohesabika, aliwasindikiza kwa kicheko.

Mama mkwe wa kuchorwa aliitwa Bibi Furushi, kwa kuwa alibeba furushi kubwa kuliko yeye na ndani yake mlikuwa na kila kitu: jiko, ngazi, mara moja hata ng'ombe. Kasuku alimsemea yeye na alimsemea mke wa mwanawe pia. Bibi alipewa sauti ya kuibwa. Yule mke alipewa sauti ya Kasuku mwenyewe, maana mwongozaji alisema iko sawa kama ilivyo, imechoka vizuri.

Waandishi wa kipindi walikuwa wajanja, au wavivu, ukipenda. Walipogundua kwamba Kasuku ana maneno ya Bibi yasiyoisha, waliacha kumwandikia. Mswada ulikuja na nafasi tupu, na kwenye nafasi hiyo wameandika tu: *Hapa Bibi anasema lake.* Basi Kasuku akanunua daftari dogo, akaliweka kwenye droo ya jikoni chini ya vitambaa vya kufutia vyombo. Mama mkwe akisema neno, yeye anageuka kama anayetafuta kijiko, anaandika. "Pilipili hii imenunuliwa au imesimuliwa?" Ikaandikwa. "Mume wako amekonda, au ni shati limenenepa?" Ikaandikwa. Wachoraji nao walimpiga picha akiwa anarekodi ili waige uso, na bila ya kukusudia akawapa hata ile leso ya kupangusa midomo.

Wiki ya sita, mji mzima ulikuwa unasema "Mimi simo, nasema tu." Walisema makondakta, wauguzi, watoto wa shule. Mtangazaji wa habari za hali ya hewa aliisema, mvua ilipokosekana siku aliyoiahidi.

Nyumbani kwa Kasuku hakuna aliyeisema isipokuwa mwenyewe, bibi kizee. Kipindi kilirushwa Jumamosi alasiri, na Jumamosi alasiri ndiyo saa ambayo Kasuku alimwosha mama mkwe nywele, kwa uangalifu ambao hajawahi kuutia katika jambo lolote. Hakuwa na haja ya kujisumbua sana, kwa maana bibi alidharau katuni. "Vitu vya kuchorwa na bado wanakimbia," alisema. "Wanakwenda wapi?" Binti yao wa miaka kumi alikula kiapo cha kufunga mdomo. Mume naye alisema, "Usimwambie. Timu yenu itatolewa tu, na watu watasahau."

Timu haikutolewa. Na watu, jamani, hawakusahau.

Siku moja bibi kizee alirudi kutoka dukani na kikapu kitupu. Alisimama katikati ya sebule, akamwambia Kasuku, "Mwanangu, hebu niangalie mgongoni."

"Una nini, Mama?"

"Sijui. Niangalie tu. Nimechafuka? Gauni limechanika?"

Kasuku akamzunguka. Gauni lilikuwa safi, limepigwa pasi. "Hakuna kitu, Mama."

"Basi wananicheka nini?" Alikaa kwenye kiti polepole, akishika nyonga. "Nimemwambia muuza duka mizani yake inaegemea upande wake. Mimi simo, nimemwambia, nasema tu. Foleni nzima imeangua kicheko. Kuna mama mmoja amenishika bega akaniambia nirudie tena. Nirudie! Mimi ni kichekesho?"

Kasuku alimpangusa mgongoni kitu ambacho hakikuwapo. Hapo ndipo pa kusema, na kila mtu mwenye akili angesema. Lakini alisema, "Watu wa siku hizi hawana adabu, Mama," akaenda jikoni kukaa juu ya droo. Namaanisha kukaa kweli, akaketi juu ya kabati kama mtoto, miguu inaning'inia.

Ikaendelea. Pale kwenye benchi mbele ya duka la dawa, ambapo bibi alizoea kukaa na wenzake watatu kuwapima wapita njia, wasichana wawili walisimama kumsikiliza, wakatoa simu kumrekodi. Kliniki, alimwambia daktari hiyo sindano inaonekana imechoka, na daktari, mtu mzima mwenye mvi, akakimbilia chumba cha pili kucheka. Wenzake wa benchi walikuwa wazee kama yeye, hawana habari za katuni, kwa hiyo hawakuweza kumweleza. Mmoja wao alimshauri akapimwe kichwa.

Bibi alirudi na hilo nyumbani. Alimwuliza Kasuku, kwa sauti ndogo ambayo haikuwamo kwenye daftari, "Mwanangu, niambie ukweli. Ninaanza kuchanganyikiwa? Ninasema vitu vya ajabu bila kujijua? Mama yangu alianza hivyohivyo."

"Hapana, Mama. Hapana kabisa."

"Ungeniambia?"

"Ningekuambia."

Loo, Kasuku! Mtu anakupa mlango wazi kabisa, wewe unapita dirishani. Usiku ule hakulala, na asubuhi alikuwa na madoadoa shingoni, yale yanayomtoka akiwa na hofu. Alimfuata mwongozaji, akamwomba aitoe timu yao kwenye mashindano. Mwongozaji alimtazama kama mtu aliyeombwa kuchoma nyumba yake. "Bibi Furushi ndiye kipindi. Hao wengine ni wa kujazia. Nenda karekodi."

Baada ya hapo bibi kizee akanyamaza.

Hakununa, kununa kungekuwa afadhali, maana kununa kwake kulikuwa na maneno mengi. Alinyamaza tu. Hakwenda dukani, hakwenda kwenye benchi. Alikaa chumbani mwake na mlango umerudishiwa, na alipoitwa kula alikuja, akala, akasema, "Asante." Ukimwuliza kitu alifikiri kwanza, akakagua jibu lake, kisha akalitoa fupi. Alikuwa anajilinda na kinywa chake mwenyewe.

Studio, nafasi zikabaki tupu. *Hapa Bibi anasema lake*, na Kasuku hana lake wala la Bibi. Alifungua daftari, yote yalikuwa yamekwisha kutumika. Akatunga yake mwenyewe nyumbani, akayasema kwa sauti ile ile. Mwongozaji akavua vifaa vya masikioni. "Sauti ni yeye, lakini maneno ni ya mtu mwingine. Bibi anaumwa?" Aliuliza kwa utani tu.

Sasa nitasimulia alichofanya, na msinilaumu mimi. Jumapili alipika wali akauunguza makusudi. Aliunguza mpaka binti akafungua madirisha. Mchuzi akautia chumvi kwa kiganja. Akapakua, akaweka mbele ya mama mkwe, akakaa mkabala naye, roho mkononi, anasubiri atukanwe. Mumewe alionja, akaacha kijiko, akafungua mdomo. Kasuku akamkanyaga chini ya meza.

Bibi kizee alikula tonge la kwanza, akatafuna sana. Akala la pili. Akajipangusa midomo kwa leso.

"Chakula kizuri, mwanangu," alisema. "Asante."

Kasuku aliinuka akaenda bafuni, akafungua bomba ili asisikike. Alilia mpaka maji yakajaa ndoo na kumwagika sakafuni. Alikuwa ametaka tusi na amepewa shukrani, na hakuna kitu kilichowahi kumuuma hivyo katika nyumba ile. Alijua sasa kwamba anayemkosa Bibi si studio peke yake. Jiko lilikuwa kimya mno.

Jumanne, mume yuko kazini na mtoto shuleni, alipiga moyo konde, akagonga mlango wa chumba cha mama mkwe. Mkononi alikuwa na simu na lile daftari. Bibi alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Mama, hujachanganyikiwa," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. "Watu wanacheka kwa sababu yangu." Akayamwaga yote, kuanzia supu ya siku ile ya majaribio mpaka wali ulioungua. Aliyamwaga haraka, bila mpangilio, akirudia mengine mara mbili. Akampa daftari. Bibi hakulifungua. Alisema, "Nionyeshe."

Wakakaa pamoja ukingoni mwa kitanda. Macho ya bibi hayakuona vizuri kwenye kioo kidogo, kwa hiyo aliishika simu karibu na sikio, kama anayeongea na mtu wa mbali. Kasuku alikuwa anaangalia uso wake tu. Mama mkwe alimsikia Bibi Furushi akiwagombeza marubani, kwa sauti yake yeye kabisa. Alisikia "Mimi simo". Hakucheka wala hakukasirika. Alisikiliza kipindi kizima, mpaka muziki wa mwisho, kisha akaomba kingine. Walisikiliza vitatu.

"Huyo bibi," alisema hatimaye, "si mjinga."

"Hapana, Mama. Watu wanampenda. Wanampenda sana."

"Nimesikia." Alimrudishia simu. "Na huyo mwenzake? Huyo mke wa mwanawe. Anasemewa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa sauti gani?"

"Yangu. Hii hii."

Bibi alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayejumlisha. "Vipindi vitatu. Wamepita jangwa, wamepita barafu, bibi amembeba mgongoni kwenye mto. Na yeye hajamwambia mwenzake neno jema hata moja. Kila akifungua mdomo ni pumzi na kulalamika." Akaigeuza leso mkononi. "Mwanangu, mbona anamchukia hivyo?"

Kasuku alikuwa amejiandaa kwa mengine yote. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa chumbani, kuitwa mwizi, mumewe kupigiwa simu kazini. Si kwa hilo. Maneno ya yule mke yalikuwa yameandikwa na waandishi, hiyo ni kweli, angeweza kusema hivyo. Lakini pumzi hazikuandikwa na mtu. Zile pumzi za kuchoka, za kusonya kwa ndani, alizileta mwenyewe kutoka nyumbani, na hakuwahi kuzitambua, kwa sababu masikio yake yote yalikuwa kwa Bibi.

"Hamchukii," alisema.

"Haya," alisema bibi. Akarudia kukunja nguo, na Kasuku akaelewa kwamba anatakiwa atoke.

Jumatano nyumba ilikuwa kimya. Kasuku aliangusha sahani mbili. Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku ya kurekodi kwaheri, na hii niieleze: ili siri isivuje, studio ilizirekodi kwaheri za timu zote mapema, hata za wale watakaoshinda, ili mwigizaji yeyote asijue ni nani anatolewa. Kila timu inaaga kana kwamba ndiyo inayoondoka. Mswada wa kwaheri yao ulikuwa kwenye mkoba wake tangu wiki iliyopita. Yule mke anaruka ruka kwa furaha kwamba sasa mateso yamekwisha. Mtangazaji anamgeukia Bibi Furushi. *Hapa Bibi anasema lake.* Mwisho.

Alhamisi asubuhi, mume na binti wakiwa mezani, alichemsha uji. Akatia sukari, akasahau kama ametia, akatia tena. Akasikia mlango wa chumba cha bibi ukifunguliwa. Mama mkwe alikuja na fimbo yake, akaketi, akavuta bakuli. Alionja. Akashusha kijiko. Akautazama uji ule kwa muda mrefu, kisha akamtazama aliyeupika.

"Mimi simo," alisema.

Kasuku aliganda na mwiko mkononi.

Na bibi akasema. Alisema neno moja juu ya uji ule, na juu ya mpishi wake, na juu ya mume aliyeoa mpishi huyo huku ana macho mawili. Chai ilimtoka mume puani. Binti alianguka chini ya meza akashindwa kutoka. Kasuku alicheka huku machozi yanamtoka, akashika ukingo wa jiko, na mkono wake mwingine, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye droo.

"Nasema tu," alimaliza bibi, akajipangusa midomo. Kisha akainua kidole. "Hiyo usiipeleke."

Mkono ukaachia droo. "Siipeleki, Mama."

"Nyingine nitafikiri. Hiyo ni ya humu."

Saa nne Kasuku alikuwa mbele ya kipaza sauti. Ilipofika zamu ya yule mke wa mwana kuruka kwa furaha, hakuruka. Alisema, kwa sauti yake mwenyewe, hii ya kila siku, "Mama, lete furushi. Leo nitabeba mimi." Waandishi wakatazamana nyuma ya kioo, hayo hayakuwamo. Sauti ya mtangazaji ikamgeukia Bibi Furushi, na nafasi tupu ikafika, na studio nzima ikasogea mbele kwenye viti.

Kasuku alivuta pumzi. Ukimya ukaenda mpaka fundi mitambo akagusa vifungo vyake kuona kama vimezima.

"Vipi?" mwongozaji alimwuliza kupitia vifaa vya masikioni. "Hapa Bibi anasema lake. Unalo, naona usoni mwako unalo, unajizuia kucheka."

"Ninalo," alisema Kasuku.

"Basi liseme!"

"Amenikataza."

Kama mngependa kujua bibi alisema nini juu ya uji ule, hata mimi ningependa. Nimemwuliza Kasuku mara nne, na mumewe mara moja, na yule binti kwa pipi. Wanacheka tu, wanatazamana, na hakuna anayesema.